Maswali ya Wasomaji: Mgeni Anayekula Kosheri

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpishi katika kambi ya watalii karibu na Karatu. Mwezi ujao tutapokea familia ya Kiyahudi kutoka Israeli, na wakala wao ametuandikia neno moja tu kuhusu chakula: kosheri. Nyama yetu yote huchinjwa na Waislamu, na nguruwe haingii jikoni kwetu. Je, hilo halitoshi? Kama halitoshi, niwapikie nini?
Mpishi, Karatu

JIBU: Halitoshi, ndugu mpishi. Kosheri ni chakula kinachoruhusiwa na sheria ya dini ya Kiyahudi. Qurani, sura ya 5 aya ya 5, imemruhusu Mwislamu kula chakula cha watu waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, lakini Myahudi anayeshika sheria yake hana ruhusa kama hiyo kwa upande wake. Nyama anayokula sharti ichinjwe na mchinjaji wa Kiyahudi aliyefunzwa kazi hiyo, kwa kisu kisicho na pengo hata dogo, kisha ilowekwe na kutiwa chumvi ili damu itoke. Buchani kwenu hutaipata, kwa hiyo nyama isahau kabisa, na kuku pia. (Twiga ana kwato zilizopasuka na hucheua, kwa hiyo anatimiza alama za mnyama anayeliwa katika Mambo ya Walawi sura ya 11; wageni wakikutania mbugani kwamba naye ni kosheri, cheka nao tu.)

Samaki atakuokoa, kwa kuwa hahitaji kuchinjwa. Anachotakiwa ni kuwa na mapezi na magamba. Sato na sangara wanafaa, ila kambale, papa, pweza, ngisi, kamba na kaa hawafai. Mnunue akiwa mzima na magamba yake, kwa sababu minofu iliyochunwa ngozi haimwonyeshi mgeni ni ya samaki gani.

Wapishi wengi hukwama kwa kudhani kwamba kosheri ni orodha ya vyakula, ilhali ugumu mkubwa uko kwenye vyombo na moto. Sheria inakataza kupika nyama pamoja na maziwa, na chombo kilichopikiwa kitu huhesabiwa kuwa kimenyonya ladha yake, hivyo sufuria iliyopikiwa nyama yenu haiwezi kupikia wali wa wageni hawa hata ukiisugua ikang'aa. Zaidi ya hayo, vyakula vingi vikipikwa na asiye Myahudi peke yake havikubaliki, ingawa viungo vyake vyote havina kasoro. Wayahudi wa Ashkenazi (wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki) kwa kawaida huridhika mmoja wao akiwasha moto, lakini wengi wa Sefaradi (wenye asili ya Hispania, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati) hutaka Myahudi ndiye aweke chakula motoni. Usilione jambo hilo kuwa dharau kwa mikono yako.

Kwa maoni yangu, basi, usijaribu kuwaonyesha ufundi wako. Mwandikie wakala leo umuulize kama familia hiyo inakuja na sufuria na vyakula vyake, maana wengi husafiri hivyo, tena viwango vya kushika sheria hutofautiana kati ya nyumba na nyumba. Waandalie matunda mazima, matango, nyanya, viazi na mayai mabichi, pamoja na kisu kipya na sahani za kutupwa, kisha uwaachie jiko moja. Samaki aliyefungwa tabaka mbili za karatasi ya foili anaweza kuokwa katika oveni yenu ya kawaida, mradi wamfunge, wawashe moto na kumweka ndani wenyewe. Mchicha una wadudu wadogo, nao hawaliwi, kwa hiyo heri uuache. Mvinyo waje nao.

Ijumaa wamalize kupika kabla jua halijatua, kwa sababu ni Sabato yao, nao hawatawasha moto hadi usiku uingie Jumamosi.

SWALI: Ndani ya ndege, abiria jirani yangu aliletewa chakula kilichofungwa na kutiwa muhuri, akakifungua mwenyewe. Kwa nini mhudumu hakumfungulia?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Huenda kilikuwa chakula cha kosheri, ambacho abiria hukiagiza mapema kwa shirika la ndege, walau siku moja au mbili kabla ya safari. Hufungwa tabaka mbili ili kipashwe moto katika oveni moja na vyakula vingine bila kugusana navyo. Mhudumu akikifungua jikoni, abiria hana tena uthibitisho kwamba hakikubadilishwa, na walio makini watakirudisha bila kukionja.