Kikombe kisicho na kwao

Bagamoyo, Jumatano usiku

Mwanangu kipenzi,

Salaam nyingi zikufikie huko kwenye baridi. Sisi hatujambo. Goti la baba yako limetulia, na leo umeme umetuonea huruma, ndiyo maana nimeketi mezani kukuandikia badala ya kukutumia sauti. Jambo lenyewe ni refu, na najua sauti zangu unazisikiliza kwa kuzikimbiza.

Umeniuliza: "Mama, nimeona kikombe cha Kigiriki kwenye mnada hapa Munich, kina miaka 2,400, bei inaanzia yuro 1,800. Akiba ninayo. Ninunue? Na nitajuaje kama ni cha kweli?" Hayo ni maswali mawili, na la pili ndilo jepesi, kwa hiyo naanza nalo.

Kwanza nilicheka peke yangu. Katika vikombe vyote vya Wagiriki wewe ukapenda cha bundi! Bibi yako angekuwa hai angekukataza kukiingiza ndani bila kufukiza ubani. Watu wa Athens wao bundi walimwona ndege wa Athena, mungu wao wa kike, wakampiga chapa mpaka kwenye sarafu zao za fedha. Vikombe kama hicho vilifinyangwa kwa wingi karne ya 5 KK, Athens kwanza, kisha mafundi wa kusini mwa Italia wakaiga. Wataalamu wanakiita skifosi: kikombe chenye kina, bundi katikati anakutazama usoni, tawi la mzeituni kila upande. Tazama na masikio ya kikombe, yaani vishikio vyake. Moja limelala, jingine limesimama. Usidhani fundi alikosea, vya bundi ndivyo vilivyo.

Na ule weusi si rangi ya kupaka kama tunavyoijua sisi. Ni udongo wenye chuma, uliochujwa na kuchujwa mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto. Fundi anaupaka pale anapopataka pawe peusi, anakiacha chombo kikauke, kisha anakiingiza jokoni. Joko linawashwa mara moja, ila moto unapita hatua tatu. Kwanza hewa inaingia na kila kitu kinakuwa chekundu. Halafu anaziba matundu na kutupia kuni mbichi, moshi unajaa, chombo kizima kinageuka cheusi. Mwisho anazibua. Mwili wa chombo unavuta hewa na kurudi mwekundu, lakini pale penye ule udongo laini pameshayeyuka kidogo na kujifunga, hewa haipenyi, panabaki peusi vilevile. Moto wenyewe nyuzi kama 900, na kipimajoto hana, ana macho tu na mazoea. Akichelewa au akiwahi, bundi anatoka na mabaka mekundu. Nilipofundishwa haya niliwakumbuka akina mama wanaochoma vyungu kwa makuti uwanjani, nao wanasoma moto kwa rangi yake.

Sasa, mwigaji wa leo mara nyingi hana subira hiyo. Anapaka rangi, anasugua na uchafu ili kionekane kizee. Waombe wakuruhusu kukishika. Kigeuze, maana uso hupambwa, kitako husahauliwa. Kitako cha kweli kimelika pale kilipokuwa kikikaa mezani, na uchafu wake umeingia kwenye vinyweleo, haukutandazwa juu sawasawa kama siagi. Waombe pia taa ya miali ya urujuanimno. Gizani, plasta na rangi mpya hung'aa tofauti na udongo wa zamani, na hapo ndipo utakapojua kama unauziwa kikombe, au nusu ya kikombe na ufundi wa mtu wa mwaka 1990. Chombo kilichoungwa si aibu, vingi vimeungwa. Aibu ni kukuficha. Na kipo kipimo cha maabara: wanatoboa kitundu, wanachukua unga kidogo, wanapima nguvu iliyojikusanya ndani ya udongo tangu ulipochomwa mara ya mwisho. Kitakuambia ni kikongwe au ni cha juzi.

Lakini kipimo hicho kinasema habari za udongo tu. Nani alikuwa nacho, na alikitoa wapi, hakisemi. Nami hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimeusoma ule mstari ulio chini ya picha mara kumi: "Mkusanyo binafsi, Uswisi, miaka ya 1980." Basi. Nani? Mji gani? Alinunua kwa nani? Mwanangu, ukiambiwa kijana aliyekuja kukuposa ni "mtu mmoja, wa bara huko," utatoa jibu siku hiyohiyo?

Uswisi hiyo ina hadithi. Mwaka 1995 polisi walivamia ghala la dalali wa Kiitalia, Giacomo Medici, katika bandari huru ya Geneva, maghala ambako mali hukaa bila kutozwa ushuru. Walikuta vyombo, na walikuta maelfu ya picha za Polaroid. Katika picha hizo kuna vyombo vilivyotoka kaburini muda si mrefu, vipande vipande, udongo bado umeshikilia. Baadhi ya vyombo hivyo vikaja kuonekana vizima, safi, ndani ya kabati za vioo za makumbusho makubwa. Medici alihukumiwa mwaka 2004. Picha zake zinafanya kazi mpaka leo: mtafiti Mgiriki, Christos Tsirogiannis, amekuwa akizilinganisha na katalogi za minada, na si mara moja chombo kimeondolewa kabla dalali hajagonga nyundo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha krateri ya Euphronios, mchoraji wa vyombo wa Athens. Krateri ni chombo kipana cha kuchanganyia divai na maji, maana Wagiriki waliona kunywa divai tupu ni ushenzi. Hiyo inameza lita 45 hivi, na ubavuni imechorwa Sarpedon, mtoto wa Zeus, amekufa vitani, damu inamtiririka, na Usingizi na Mauti, ndugu wawili wenye mbawa, wanamwinua kwa upole kama tunavyomwinua maiti wetu. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yaliinunua mwaka 1972 kwa dola milioni 1, fedha ambayo mpaka wakati ule hakuna chombo cha Kigiriki kilichokuwa kimewahi kuifikia. Walielezwa inatoka kwa familia moja ya Lebanon. Kumbe ilifukuliwa kwenye makaburi ya Cerveteri, kaskazini ya Rome, mwishoni mwa 1971. Ilirudi Italia Januari 2008.

Ukisikia imerudi unashusha pumzi, umeona yamekwisha. Hayakwisha. Kaburi lenyewe limeshapigwa sururu. Nani alizikwa mle, mwanamume au mwanamke, krateri ilikaa kichwani au miguuni, vikombe vingapi viliwekwa pembeni yake, Mwetruski, mtu wa kale wa huko Cerveteri, alipataje chombo cha Athens na alikipendea nini: hayo yalikwenda usiku ule, hakuna mahakama itakayoyarudisha.

Nakuambia hivi kwa sababu nimeishi na vyombo vya namna hiyo. Wakati nafanya kazi kwenye ghala la makumbusho, mtu mmoja alikuja na bakuli la Kichina amelifunga kwenye khanga. "Nimeokota shambani," akasema. Shamba gani? Akataja sehemu, wiki ya pili akataja nyingine. Bakuli zuri, la kijani ya majani machanga, nyuma yake limeshikamana na chokaa. Chokaa ile kila mmoja wetu aliitambua. Mabakuli kama yale wazee wa pwani waliyajengea kwenye nguzo za makaburi. Unakumbuka tulipokupeleka Kunduchi, ukaingiza ngumi kwenye shimo la duara ukaniuliza mbona nguzo ina macho? Sasa lile letu lilikuwa jicho la nguzo ipi, ya nani? Tuliliandika kitabuni kwa namba, na kwenye safu ya mahali tukaweka mstari. Nimestaafu nimeliacha palepale rafuni. Zuri, na halina kwao.

Kwa hiyo jibu langu. Sikukatazi. Wapo wanaokataza kabisa, nawaheshimu, ila vyombo vilivyotoka ardhini miaka 200 iliyopita vipo madukani na haviwezi kurudi kokote. Nakutaka uombe karatasi. Jina la aliyekuwa nacho, na ushahidi kwamba kilikuwa nje ya ardhi kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale, ambao ndio watu wa makumbusho wanaouhesabia: katalogi ya zamani, picha yenye tarehe, risiti, barua. Kama kilitoka Italia, jua kwamba tangu 1909 sheria yao inakihesabu kinachofukuliwa kuwa mali ya taifa. Huko kwenu Ujerumani sheria ilikazwa mwaka 2016, na tangu Juni 2025 kitu cha kiakiolojia kilichozidi miaka 250 hakiingizwi Umoja wa Ulaya kutoka nje bila kibali. Tafuta pia kwenye hifadhidata ya Beazley ya Oxford, imesajili vyombo vya Athens zaidi ya 100,000. Cha Italia ya kusini usitegemee kukikuta humo.

Na wakikuonyesha cheti kwamba kikombe hakimo kwenye orodha ya vitu vilivyoibwa, usikubali kutulizwa nacho. Orodha ile ina vitu ambavyo mtu alijua anavyo, akavikosa. Kilichoibwa kaburini hakuna aliye hai aliyewahi kukiona, nani angekwenda kuripoti?

Kama ni mimi, na nimeachiwa nichague, ningekwenda kwenye mitungi. Najua wewe umevutiwa na umaridadi. Mwaka ule wa kozi Rome, mwalimu wetu alituombea kibali tukapanda Monte Testaccio. Ni kilima cha mita 35 hivi, kina majani na vichaka, na chote ni vigae. Ukikanyaga vinalia kama sahani kabatini. Ni mitungi ya mafuta ya zeituni, mingi kutoka kusini mwa Hispania, ya tumbo la mviringo, mmoja ukiwa mtupu una kilo 30 na unabeba lita kama 70. Wanakadiria zaidi ya mitungi milioni 50. Mafuta yalikuwa yakizama kwenye udongo na kuchacha, mtungi haufai tena, basi wanauvunja, wanaupanga, wanamwaga chokaa kuzuia harufu. Mwalimu akachukua kigae kimoja, akakitemea mate na kukisugua kwa kidole gumba (msimamizi wa kozi angemwona angezimia), na hapo maandishi ya wino yakajitokeza: uzito, jina la msafirishaji, mwaka. Karani wa bandarini kaandika harakaharaka, mkono umeteleza mwishoni. Nilisisimka kuliko nilivyosisimkia vyombo vyote vya Vatican. Kigae kile kilikuwa na kwao mpaka gati.

Na sisi tumo kwenye safari hizo, usidhani hatumo. Mfanyabiashara mmoja wa Misri, karne ya 1 BK, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bahari hii yetu mpaka bandari ya Rhapta, huku kwetu Azania. Anataja mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa kuuzwa, halafu anasema sehemu nyingine walileta divai na ngano kidogo, si ya kuuza, ya kujipatia urafiki wa wenyeji. Yaani takrima! Divai hiyo ilisafiri ndani ya chombo cha namna fulani. Baba yako anasema tangu hapo hatujaacha kupewa takrima.

Ukikinunua, nisikie mambo mawili. Usikiinue kwa sikio hata siku moja. Masikio ndiyo huvunjika kwanza na gundi hulegea. Mikono miwili, mmoja chini ya kitako. Na usikioshe kwa limau wala siki ukitaka king'ae, maana asidi inakula plasta ya kuungia, na hata udongo wenyewe kama una chokaa. Brashi laini kavu inatosha.

Kesho asubuhi waandikie, kwa adabu, uwaulize jina la huyo Mswisi. Wakijibu kwamba mteja hapendi kutajwa, mnada ufanyike, wewe usinyanyue mkono. Jumapili nenda Königsplatz, makumbusho yanaingilika kwa yuro 1, ukakione kikombe cha Exekias: Dionysos, mungu wa divai, amejilaza kwenye jahazi, mzabibu umeota mlingotini, pomboo saba wanaogelea kumzunguka. Nacho kilitoka makaburini, Vulci huko Italia, enzi za wafalme wa Bavaria, siwezi kukuficha. Zunguka kabati mpaka ukione kwa chini, fundi ametia saini kwenye ukingo wa kitako. Na cha bundi, kabla hujawaaga, piga picha ya kitako unitumie. Za mbele ninazo mbili, hazinisaidii kitu.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama lile koti zito lilifika.

Mama yako