Maswali ya Wasomaji: Usambara ya Zamani, Picha Mkononi

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu Usambara ya enzi za Mjerumani: picha zake zinapatikana wapi, na mtu afanyeje ili asimame palepale zilipopigwa.

Natafuta picha za zamani za Lushoto mtandaoni, napata chache na ni zilezile. Nakosea wapi? (Msomaji, Korogwe)

Unatafuta kwa jina la leo. Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na kituo cha misheni cha Mlalo kiliitwa Hohenfriedeberg. Majina ya wenyeji Wajerumani waliyaandika kwa tahajia yao: Vuga ni Wuga, Muheza ni Muhesa, Zigi ni Sigi, Moshi ni Moschi. Andika hivyo, kisha ongeza Usambara.

Pa kuanzia ni Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Picha za Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani wa enzi hizo, zimo humo, na namba zake huanza na Bild 105-DOA. Nyingine zipo Wikimedia Commons, lakini ni ndogo, upande mrefu kama pikseli 800. Ukizichapa kubwa kuliko kadi ya posta, mgongo wa mlima unageuka ukungu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo ina mkusanyo mkubwa wa picha za makoloni. Maelezo ya chini ya picha yachukue kama fununu tu. Na ukumbuke aliyeshika kamera alikuwa upande wa nani. Boma hupigwa likiwa limefagiliwa.

Nilifika mahali penyewe, jengo nikaliona, lakini picha yangu haifanani na ya zamani hata nikisogea. Tatizo ni simu? (Msomaji, Tanga)

Simu haina kosa, ni pale uliposimama. Wengi huanza na jengo, ilhali jengo huezekwa upya, huongezwa vyumba, hubomolewa. Anza na mgongo wa mlima ulio nyuma. Tafuta vitu viwili, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, vinavyokutana kwenye picha ya zamani: tuseme kona ya paa na pengo la mlima. Kisha linganisha.

Kona ya paa ikiwa imehamia kulia kwa pengo kuliko ilivyo kwenye picha, umesimama kushoto mno, sogea kulia. Ikiwa imehamia kushoto, fanya kinyume chake. Jengo likionekana kubwa kuliko inavyopasa ukililinganisha na mlima, umekaribia mno, rudi nyuma. Kuzumu hakusaidii hapo, maana kunakuza vyote kwa pamoja na uwiano unabaki uleule. Paa likipanda juu ya mgongo wa mlima kuliko kwenye picha, uko chini mno. Huenda mpiga picha alikuwa barazani au juu ya tuta. Rudia kwa jozi ya pili upande mwingine wa picha. Jozi zote mbili zikikaa sawa, umefika.

Tumia lenzi ya kawaida ya simu, si ile pana ya 0.5, kwa sababu inavuta pembe za picha. Acha nafasi pembeni, utakata baadaye. Simu iwe wima kabisa: ukiinamisha nyuma ili paa lote liingie, kuta zinaelekeana juu. Kamera nyingi za zamani ziliruhusu lenzi peke yake kupandishwa, ndiyo maana kuta zao zimenyooka. Dawa ni kurudi nyuma au kupanda juu kidogo.

Baada ya hayo yote bado haikubali? Igeuze picha kushoto-kulia. Negativu ya kioo ilikuwa rahisi kuchapwa kinyume. Tazama maandishi ya kibao, au kishikio cha komeo la bunduki ya askari, ambacho kwenye bunduki za Mauser huwa upande wa kulia.

Kivuli nacho kinasema. Huku, kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huwa kaskazini tangu kama mwanzo wa Machi hadi mwanzo wa Oktoba, na kivuli huangukia kusini. Desemba ni kinyume. Ukijua jengo linaangalia wapi, unajua picha ilipigwa nusu ipi ya mwaka.

Na ukimwonyesha mzee picha, uliza "Hapa ni wapi?" Usiulize "Hapa si Soni?" Mgeni hapingwi, atakuitikia kwa adabu tu, nawe utaandika kosa.

Nataka kutembea njia yenye historia lakini isiyo ya kuniua. (Msomaji, Muheza)

Zigi hadi Amani, kama kilomita 7 za kupanda. Lipa kiingilio cha hifadhi pale Zigi, ambako nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi za Mjerumani ndiyo kituo cha habari. Reli ya Sigi ilitoka Tengeni ikaishia hapo Zigi, kama kilomita 23, upana wa njia milimita 750 tu. Juu, Amani, taasisi ya utafiti wa kilimo ilianzishwa 1902. Epuka masika, Machi hadi Mei; udongo mwekundu unateleza. Tuta la reli, lililo chini ya Zigi, utalitambua hivi: njia ya watu hukata mteremko moja kwa moja, tuta hupanda polepole, upana hauyumbi, na penye kilima limechimbwa likapita katikati.

Mwenye magoti mazuri aende Shume. Waya wa kusafirishia magogo ya mwangati ulishuka kutoka huko hadi reli ya Mkumbara, karibu kilomita 9. Ukuta ule wa mlima unaelekea magharibi: asubuhi una kivuli cha kutembea, alasiri una mwanga wa picha. Chagua kimoja. Chukua maji lita 3 na mwenyeji anayeijua njia.

Nikiokota msumari wa reli, ni wangu? (Msomaji, Lushoto)

Hapana. Ndani ya hifadhi huchukui kitu. Upige picha ulipolala, uweke sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, andika namba za GPS, uuache.