Kolwezi au Lubumbashi: barua kwa mwanangu

Lubumbashi, mwezi wa pili 2026

Mwanangu Furaha,

Ujumbe wako nimeusikiliza mpaka mwisho, hata pale Neema alipokunyang'anya simu. Unauliza mkitoka Kampala mkawaanzishie watoto maisha wapi, kwa kuwa Goma hamrudi tangu waasi wa M23 walipoiteka mwezi wa kwanza mwaka jana. Mumeo, Baba Josué, amepata kazi mgodini Kolwezi na kampuni inampa nyumba. Dada yake anawaita Kinshasa. Na mimi niko huku. Jibu langu: yeye aende Kolwezi, wewe na watoto mkae Lubumbashi. Najua utasema mama anavutia kwake. Ni kweli, nataka wajukuu karibu. Nisikilize hivyo hivyo, halafu upime.

Kinshasa naiondoa haraka. Josué alikuwa anasoma Kifaransa Goma, akaingia Kiingereza Kampala, sasa umwongezee na Kilingala? Huku atahangaika darasani na Kifaransa kwa muda, lakini saa ya mapumziko atacheza kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Watamcheka kwa matamshi yake ya Goma. Na wewe si walikucheka kwa ya huku ulipoolewa?

Kolwezi ndiko kwenye hela, sikatai, na tangu iwe makao makuu ya Lualaba mwaka 2015 imebadilika sana. Ninachoogopa ni hiyo nyumba ya kampuni. Wewe mwenyewe umekulia ndani yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni, hata unga wa bukari ulitoka kwa kampuni. Mshahara wa baba yako uliposimama, vyote vilisimama pamoja, tukawa tunatafuta ada, daktari na paa kwa wakati mmoja. Mkwe wangu kazi aifanye na mshahara aupokee, lakini paa la watoto lisiwe mkononi mwa bosi wake. Aulize kama badala ya nyumba wanaweza kumpa pesa ya pango, na wamjibu kwa maandishi.

Halafu kuna vumbi. Kasulo umeisikia, ule mtaa wa Kolwezi ambao watu walikuta madini ya kobalti chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba uani, wengine mpaka ndani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Waliokuwa wanaishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mno, na watoto waliwapita wakubwa. Mtoto anacheza chini, anakula na mikono ileile.

Sisemi Lubumbashi ni safi. Huku pia tuna lile bomba refu la moshi na mlima wake mweusi wa masalia ya kuyeyusha madini, na viwanda vipya vimeota pembezoni mwa mji. Lakini mji ni mkubwa, una pa kukimbilia. Ndiyo maana nikionyeshwa nyumba siulizi bei kwanza. Nauliza kiwanda cha karibu kiko wapi, kisha naangalia kama nyumba iko upande unaopelekewa moshi, maana upepo wa kiangazi huku hutoka kusini-mashariki. Likasi niliifikiria pia, kwa kuwa iko njiani kwenda Kolwezi, ila kule viwanda vimo ndani ya mji.

Nimekwishaanza kuzunguka, kwa sababu huu wa mvua ndio wakati wa kuangalia nyumba. Mwezi wa saba, mtakapofika, ardhi itakuwa kavu na kila nyumba itaonekana nzuri. Juzi komisionere wa nyumba, yule dalali, alinipeleka upande wa Kampemba: vyumba vitatu, lupango, ua wake, lenye miembe miwili, rangi mpya kabisa. Hiyo rangi mpya ndiyo iliyonishtua. Nikazunguka nyuma ya jiko, mahali ambapo fundi wa rangi hakufika, nikakuta mstari wa kahawia ukutani, usawa wa goti, umenyooka kutoka kona hadi kona. Nikamsalimia mama wa jirani aliyekuwa anatwanga sombe, nikamuuliza kuhusu maji. Akacheka. "Mama, mvua ikinyesha usiku, magodoro yanalala juu ya meza." Kugeuka, komisionere yuko barabarani anapokea simu.

Nyingine iko nyuma nyuma ya mtaa wa Golf, si kule kwa matajiri. Ni ndogo, jiko lake utalilalamikia. Lakini iko juu, ina kisima cha foraji na tangi, na watoto wataenda shule kwa miguu bila kuvuka barabara ya malori. Umeme ni ule ule wa kukatika wa kila mahali, kwa hiyo makala ya kupikia, mkaa, utanunua tu. Mwenye nyumba anataka dola 300 kwa mwezi na garanti, pesa ya dhamana, ya miezi 6. Nikamwambia sheria ya mwisho wa 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Akanijibu sheria iko Kinshasa. Tumeshafika minne, na bado sijamaliza naye.

Shule: msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini madarasa yamejaa, Neema utamtafutia ya masista. Josué anaingia sekondari, huko minervali, ada ya shule, utalipa. Prefe, mkuu wa shule niliyezungumza naye, anataka kuona bulteni zake zote za matokeo, za Goma na za Kampala. Kama za Goma mliziacha, anza kuzitafuta leo, usingoje mwezi wa nane. Na neti mje nazo, Goma mbu si wengi kama huku.

Najua kinachobaki. Kutoka huku hadi Kolwezi ni kilomita kama 300 za lami, na mume wa wikendi si mume wa kila siku. Baba Josué atachoka na basi, wewe utachoka kulala peke yako na watoto wakiwa na homa. Hapo sina dawa, ila niko dakika chache kutoka nyumba hiyo ya Golf, na usiku nitakuja. Kwangu msihamie. Mje wiki za kwanza mpaka vitu vifike, basi, maana mkwe wangu hataniheshimu nikiwa namwona na taulo kila asubuhi.

Zungumza naye, mnijibu kabla ya Jumapili. Kuna mtu mwingine ameshaiona nyumba ya Golf, na kama mnaitaka nitatanguliza mwezi mmoja mimi mwenyewe, mtanirudishia.

Mama yako