Mume wangu hanijibu mpaka siku ya tatu, je kanichoka?

SWALI: Shikamoo Anti. Nina miaka 29, nipo Mwanza, ndoa ina miaka mitatu. Mume wangu hanywi, hela ya nyumbani analeta, ila ni mkimya mpaka naumwa kichwa. Juzi nikamwambia kuna kiwanja kinauzwa Kisesa, akasema "sawa nimesikia" basi. Nikanuna siku mbili, ya tatu asubuhi ananipa daftari, kaandika bei, hela ya kupima, maji yako umbali gani, nauli ya kwenda kazini, kurasa tatu nzima! Wageni wakija anasalimia anaingia chumbani, mama yangu anasema ana maringo. Sasa kafanya testi ya tabia kwenye intaneti ikampa herufi nne, INTP, eti ndo aina ya mtu alivyo, kila nikilalamika ananionyesha simu. Je kanichoka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajakuchoka, na kilichonihakikishia ni hilo daftari, mtu aliyekuchoka hahangaiki kupiga hesabu ya nauli za nyumba mtakayoishi wote.

Watu kama yeye wanaitwa introvati, neno lililoenezwa na Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alieleza mwaka 1921 kwamba kuna watu nguvu yao inaelekea ndani kwenye mawazo na wengine inaelekea nje kwa watu. Sio aibu wala maringo. Mwenye aibu anatamani kuongea ila anaogopa, huyu anaweza kuongea vizuri tu ila watu wengi kwa pamoja wanamchosha.

Nina kaka yangu wa hivyo, nyumbani tulimwita bubu na leo inaniuma. Baba alipolazwa daktari akauliza dawa amekunywa saa ngapi, sote tunatazamana, yeye akatoa kikaratasi mfukoni kimeandikwa kila kidonge na saa yake.

Kuhusu hizo herufi, zilianzia Marekani kwa mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, walichukua mawazo ya Jung wakagawa watu mafungu 16, na wenyewe hawakuwa wamesomea saikolojia. Watafiti wengi wa saikolojia hawaitegemei hiyo testi kwa sababu mtu akirudia baada ya wiki kadhaa anaweza kupata herufi nyingine, na wengi wetu tuko katikati, sio wakimya kabisa wala waongeaji kabisa. Kwa hiyo mumeo aitumie kujielewa, asiitumie kama cheti cha kumruhusu asikujibu. Hapo anakosea na umwambie.

Jambo zito usimpe akiwa ndo anavua viatu mlangoni. Mtumie meseji mchana, mwambie nataka tuongee Jumamosi jioni, na yeye badala ya "nimesikia" aseme "nafikiria, Jumamosi nitakujibu", maana wewe kilichokutesa ni kutojua kama kuna jibu linakuja. Wageni mkubaliane akae nao nusu saa, anywe nao chai, ndo ainuke. Mama yako naye, mumeo asikutane naye kwenye shughuli tu, aende kwa mama peke yake siku moja amtengenezee hata redio, mbona wataongea.

Na hilo daftari umelisoma mpaka ukurasa wa tatu? Kaa naye leo umuulize hesabu moja moja kaipataje, halafu uniandikie kaongea dakika ngapi.