Mwalimu, mashine yetu imezama: tuitafute wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni wavuvi wa Msimbati. Mwezi wa tatu, maji yakiwa na tope la Ruvuma, mashine ya boti yetu ilichomoka ikazama. Wazamiaji wameshuka pale tunapodhani iliangukia, hawakuona kitu. Wengine wanataka tuhamie fungu la pili, wengine wanasema turudi palepale. Kijana wetu wa chuo anasema wanajeshi wa Marekani hutafuta vitu vilivyozama kwa hesabu. Anatupiga fiksi?
Mvuvi, Msimbati

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Bei ya mashine naijua, kwa hiyo sitafanya mzaha.

Kijana wenu yuko sahihi. Hesabu hizo zilianza Vita Kuu ya Pili, pale Bernard Koopman na wenzake walipofanya kazi na jeshi la majini la Marekani. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa nyingi, bahari pana, na ndege za doria chache. Swali lao lilikuwa kama lenu: ukiwa na saa chache za kutafuta, uzitumie wapi?

Ila kisa kitakachowafurahisha ni cha Palomares, kijiji cha pwani ya Uhispania. Tarehe 17 Januari 1966 ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-52 iligongana na ndege iliyokuwa ikiijaza mafuta angani. Mabomu manne ya haidrojeni yakaanguka, matatu nchi kavu na moja baharini. Marekani ikaleta meli, nyambizi ndogo na wataalamu wa hesabu. Lakini aliyeliona bomu la baharini likishuka na mwavuli wake alikuwa mvuvi, Francisco Simó Orts, na alishika mahali kwa kulinganisha alama za nchi kavu, vilevile ninyi mnavyolinganisha mnazi na mnara wa msikiti. Mwezi wa Machi nyambizi ndogo iitwayo Alvin ililikuta kwenye kina cha karibu mita 800, katika eneo alilolionyesha. Basi kabla ya kushika kalamu, kaeni na kila aliyekuwa botini siku ile, mmoja mmoja, asisikie mwenzake anasema nini. Mkiwahoji kwa pamoja mtapata hadithi moja tu, ya mwenye sauti kubwa.

Sasa hesabu. Chukueni eneo zima mligawe, tuseme sehemu nne, kisha gawanyeni alama 100 kwa kadiri mnavyoamini. Sehemu ya kwanza, mlikotafuta, ipeni 40. Ya pili 30. Ya tatu 20. Ya nne 10. Halafu jiulizeni jambo ambalo wengi hulisahau: kama mashine ingekuwa pale kweli, mzamiaji angeiona kwa uwezekano gani?

Kwenye maji maangavu, tuseme mara 7 katika 10. Kwa kuwa hakuona kitu, saba ya kumi za alama zinaondoka, na zile 40 za sehemu ya kwanza zinabaki 12 tu. Jumla mpya ni 72, na mkizirudisha kwenye mia, sehemu ya kwanza inakuwa kama 17 na ya pili kama 42. Hameni bila kugombana. Lakini ninyi mlizamia kwenye tope. Tuseme angeiona mara 3 katika 10. Alama 40 zinabaki 28, jumla ni 88, na sehemu ya kwanza inapata kama 32 dhidi ya 34 za ya pili. Hapo tofauti ni kama hakuna! Wanaotaka kurudi hawana ukaidi, na wanaotaka kuhama hawajakosea. Mnagombana kwa sababu hakuna aliyetaja tope.

Kosa hili wamelifanya watu wenye fedha kuliko sisi sote. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka Atlantiki na watu 228. Visanduku vyeusi hufungwa kifaa kinachopiga mlio chini ya maji, kwa hiyo meli zilipita zikisikiliza, hazikusikia kitu, na eneo la karibu na mahali ndege ilipojulikana kuwa kwa mara ya mwisho likahesabiwa kuwa limeshamalizwa kutafutwa. Wakaenda kutafuta mbali. Baadaye wataalamu wa takwimu waliombwa kupanga upya ramani ya uwezekano, nao wakathubutu kuuliza: je, kama vifaa vya mlio vilikuwa vimekufa? Dhana hiyo ilipoingizwa, alama zilirudi karibu na mahali hapo pa mwisho. Mwezi Aprili 2011 mabaki yalipatikana huko, karibu mita 4,000 chini.

Kwa hiyo ushauri wangu: subirini maji mafu, mkondo ukiwa umelegea na tope limetua, mrudie sehemu ya kwanza kwa macho mazuri. Mkikosa tena, nendeni ya pili. Na andikeni kila mbizi: saa, kina, aliona mbali kiasi gani.

SWALI: Mwalimu, ghalani mpima ubora alichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, magunia machache ya jirani yangu akaridhika, yangu akachoma mengi sana. Ni haki hiyo?
Mkulima wa korosho, Tandahimba

JIBU: Inaweza kuwa haki. Mwaka 1943 Abraham Wald, akiwa na kundi la wanatakwimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitengeneza njia ya kupima silaha bila kuamua mapema idadi ya sampuli. Unapima moja, unajumlisha ushahidi wa ubora. Ukivuka mpaka wa juu unakubali mzigo, ukivuka wa chini unakataa, ukiwa katikati unaendelea. Mara nyingi huokoa karibu nusu ya sampuli, ndiyo maana jeshi liliifanya siri hadi 1945. Korosho za jirani yako huenda zilijieleza mapema, zako zikawa katikati. Muulize mpimaji swali moja tu: mipaka iliandikwa kabla ya kuanza kuchoma? Kama aliipanga huku akichoma, hiyo si takwimu, ni mapenzi yake, na una haki ya kulalamika kwenye chama cha msingi.

SWALI: Mwanangu anasoma takwimu na sasa anataka mambo ya anga na ulinzi. Naogopa atakuja kuua watu.
Mama wa Mikindani

JIBU: Mama, sitakuficha. Mwaka 1960 Rudolf Kalman alichapisha hesabu ya kukisia kitu kilipo kutokana na vipimo vyenye makosa. Stanley Schmidt wa NASA akaifanyia kazi kwa ajili ya safari za Apollo za mwezini. Hesabu hiyohiyo huongoza makombora, na hiyohiyo husaidia ndege ya abiria kujua ilipo ikija kutua Mtwara usiku wa mawingu. Kwa hiyo usimkataze somo. Akipata kazi, muulize nani anayempa vipimo, na matokeo yanapelekwa kwa nani. Asipoweza kukujibu hayo mawili wewe mama yake, mwambie atafute mwajiri mwingine.