Maswali ya Wasomaji: Rimu na Breki za Gari-nyumba la Zamani

SWALI: Ndugu Mshauri, ninamiliki GMC Motorhome ya mwaka 1975 yenye urefu wa futi 26. Rimu zake ni zile za chuma za inchi 16.5 zilizotoka nazo kiwandani, na matairi ya kipimo hicho yamekuwa adimu mno. Breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za dramu. Kwenye miteremko mirefu pedali inabaki ngumu mguuni, lakini gari linakataa kupunguza mwendo. Fundi mmoja ananishauri nifunge diski kwenye magurudumu yote sita kwa mkupuo mmoja. Je, nianzie wapi?

JIBU: Anza na rimu pamoja na matairi, fuatisha breki za mbele, na breki za nyuma uziache mwisho. Usifunge diski sita kwa mkupuo mmoja, kwa sababu nitakazozieleza hapa chini.

Rimu ya inchi 16.5 ina hila yake. Mahali panapokaliwa na mdomo wa tairi (ukingo wake wa ndani wenye waya, unaoshika rimu) pameinama nyuzi 15, ilhali kwenye rimu ya kawaida ya inchi 16 pameinama nyuzi 5 tu, na mara nyingi pana kituta kidogo kinachozuia mdomo kuteleza kuingia ndani pale upepo unapopungua. Tofauti ya kipenyo ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, ambayo jicho haliigundui kwa urahisi. Kwa hiyo hutokea kwamba mtu aliyekosa tairi la 16.5 akalipenyeza la 16 juu ya rimu ya 16.5. Linaingia, na kwa mbali linaonekana limekaa, lakini mdomo wake haufiki mahali pake. Anayejaza upepo huzidi kuongeza akitarajia kusikia ule mlio wa tairi kukaa, hadi waya ulio ndani ya mdomo unakatika na tairi linalipuka usoni pake. Watu wamepoteza maisha kwa namna hiyo. Ndiyo maana ninasema rimu hizo zitoke zote, ikiwamo ya spea, na zisiachwe kwenye rafu ya gereji ambako mtu mwingine anaweza kuziokota na kuzitumia.

Kipimo ambacho wamiliki wengi wa gari lako wamekihamia ni LT225/75R16 (tairi la malori madogo la rimu ya inchi 16) cha daraja la mzigo E. Kimo chake ni takriban milimita 744, karibu sawa kabisa na tairi la asili la 8.75R16.5, hivyo kipimamwendo hakitakudanganya. Tairi la namna hiyo lenye fahirisi ya mzigo 115 hubeba kilo 1,215 likiwa na upepo wa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 80. Hata hivyo, usijaze psi 80 kwa sababu tu ndizo zilizoandikwa ubavuni. Kiasi hicho ni kikomo cha juu, na upepo unaofaa hutokana na uzito uliopo juu ya gurudumu husika, kwa mujibu wa jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Kwa maana hiyo, lipeleke gari kwenye mizani kabla hujanunua chochote. Lipime likiwa limejaa kama unavyosafiri nalo, yaani mafuta, gesi, vyombo, abiria na maji, maana tangi la maji la lita 150 peke yake ni kilo 150. Ikiwezekana, pima kila gurudumu peke yake, kwa kuwa jiko, friji na betri zikirundikana upande mmoja hufanya tofauti ambayo jumla ya ekseli haiwezi kuionyesha. Katika GMC jambo hili lina uzito wa pekee. Injini na giaboksi, ambavyo asili yake ni gari dogo la Oldsmobile Toronado, viko mbele na huvuta magurudumu ya mbele. Hivyo matairi mawili ya mbele yanabeba, yanavuta, yanakata kona na pia yanafanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, huku mengine manne yakigawana sehemu ya nyuma.

Unapochagua rimu mpya, idadi ya bolti ni mwanzo tu wa ukaguzi. Gari lako lina bolti 8 zilizopangwa kwenye duara la milimita 165, na rimu nyingi za malori madogo ya Marekani zina mpangilio huohuo, jambo linalowashawishi watu kununua yoyote inayoingia. Angalia uwezo wa mzigo uliogongwa kwenye rimu yenyewe, tundu la katikati, nafasi ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), na umbali kati ya uso unaogusa habu (kitovu cha gurudumu) na mstari wa kati wa rimu. Umbali huo ukibadilika na gurudumu likasogea nje, beringi zinabeba mzigo pabaya, na breki ya upande mmoja ikishika kabla ya nyingine usukani utavutwa kwa nguvu zaidi kuliko zamani. Vipande vya kuongezea unene kati ya habu na rimu mimi sivipendekezi kwenye gari la tani tano, hata vinapouzwa kwa maneno matamu.

Ukihamia rimu za alumini, kumbuka kwamba ni nene kuliko za chuma, kwa hiyo hakikisha bolti za habu zina urefu wa kutosha kuishika nati kwa kina kisichopungua kipenyo cha bolti. Umbo la nati nalo lilingane na tundu la rimu: nati yenye ncha ya koni haiwezi kukaa kwenye tundu lililotengenezwa kwa nati bapa. Tumia vali za chuma, kwa kuwa zile za mpira za magari madogo kwa kawaida zimeidhinishwa hadi psi 65 tu. Kaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa mpangilio wa kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, nyuzi zikiwa safi na kavu isipokuwa kama mtengenezaji ameagiza vinginevyo, kisha urudie kukaza baada ya kilometa 80 hadi 150.

Sasa breki. Maelezo yako kwamba pedali inabaki ngumu yamenisaidia sana, kwa sababu pedali hueleza tatizo liko wapi. Ikizama na kuwa laini kama sponji baada ya mteremko, mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke, na mvuke hushindiliwa kabla ya kusukuma pistoni. Ikishuka chini zaidi bila kuwa laini, yamkini dramu zimetanuka kwa joto zikaziacha nyuma breki shuu, yaani vipande vinavyobana dramu kwa ndani. Ikibaki ngumu huku gari likiendelea kwenda, mara nyingi ni pedi zilizopita joto lake zikapoteza mkwaruzo, au busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, haipati utupu wa kutosha kutoka kwenye injini. Busta hupimwa kwa dakika moja: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposhuka, umeokoa gharama ya diski sita.

Ukubwa wa joto lenyewe si wa kudharau. Gari la tani tano likisimama kutoka mwendo wa kilometa 90 kwa saa hugeuza kuwa joto nishati ya takriban megajuli 1.6. Likiteremka mlima wa mita 300 kwa mwendo usiobadilika, mlima unadai karibu megajuli 15, yaani zaidi ya mara tisa ya kusimama huko, na bila nafasi ya kupoa katikati. Hakuna diski inayofutilia mbali hesabu hiyo. Gia ya chini iingizwe juu ya mlima kabla mteremko haujaanza, ili injini ichukue sehemu ya kazi.

Kabla ya kuongeza nguvu ya breki, rudisha kwanza ile iliyokuwapo. Katika gari la miaka 50, ninaanza na mipira ya breki, yaani mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani huku nje ukionekana mzuri. Mguu unasukuma mafuta kupita, lakini ukiachia hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa likipika pedi zake safari nzima. Ukaguzi wake ni rahisi. Inua gurudumu kwa jeki, uweke stendi, kanyaga na uachie, kisha jaribu kulizungusha. Likigoma, legeza kiungo cha bomba la chuma pale linapoingia kwenye mpira. Likiendelea kugoma, fungua nipeli ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa huru hapo ndipo, mwizi wako ni mpira. Badilisha yote, ya kushoto na ya kulia, na mafuta ya breki pia. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi joto zisizopungua 205, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa kiwango kinachotambuliwa hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwa gari zito linaloegeshwa miezi mingi, ninapendelea DOT 4 yanayobadilishwa kila baada ya miaka miwili.

Baada ya hapo, ukiona bado unahitaji zaidi, ongeza mbele: diski mpya, pedi za mizigo mizito, na kalipa kubwa. Kalipa yenye pistoni ya milimita 80 badala ya 75 ina eneo kubwa zaidi kwa takriban asilimia 14, na nguvu ya kubana huongezeka kwa kiasi hichohicho kwa shinikizo lilelile. Lakini pistoni kubwa hunywa mafuta mengi zaidi, kwa hiyo pedali itasafiri mbali zaidi, na huenda ukalazimika kubadili silinda kuu, ile inayosukuma mafuta pedali inapokanyagwa, iwe yenye kipenyo kikubwa. Silinda kuu ikikua, shinikizo linalotokana na mguu uleule hupungua. Ndiyo sababu kalipa, silinda kuu na busta huchaguliwa pamoja, kwa hesabu moja.

Breki za nyuma za GMC zina tabia ambayo fundi wako pengine haijui. Kila upande una magurudumu mawili yaliyofuatana, kila moja kwenye mkono wake, na mikono hiyo inatoka kwenye kiungo kimoja kilicho kati yao: mmoja unaelekea mbele na mwingine nyuma. Unapofunga breki, nguvu ya kuzuia mzunguko huiviringisha mikono yote miwili kuelekea mwelekeo mmoja, hivyo gurudumu la katikati linakandamizwa barabarani huku la nyuma kabisa likipunguziwa uzito. Hilo lililopunguziwa hujifunga mapema na kuanza kuserereka. Ukiweka diski zenye nguvu pale bila kushughulikia hali hiyo, umeongeza nguvu mahali ambapo tairi halina uzito wa kuitumia. Wapo wanaofunga fimbo maalumu zinazopeleka nguvu ya breki kwenye chesisi badala ya mkono, na kwa maoni yangu fimbo hizo zitangulie diski za nyuma. Dramu nzima zilizorekebishwa sawasawa, pamoja na pedi nzuri mbele, zinatosha kwa madereva wengi.

Ukiamua hatimaye kuweka diski nyuma, dramu zinapoondoka breki ya mkono huondoka nazo, isipokuwa ununue kalipa zenye utaratibu wake. Gia ya kuegesha haichukui nafasi yake. Ndani ya mifumo mingi ya zamani pia kuna vali ndogo inayobakiza shinikizo kwenye njia ya dramu. Ikiachwa, diski mpya zitaburuza daima. Na vali ya kugawa shinikizo kati ya mbele na nyuma ipimwe upya kwenye uwanja mtupu, gari likiwa na mzigo na pia likiwa tupu, mpaka uhakikishe kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayojifunga kwanza. Kabla ya kulirudisha barabarani, ijulishe bima kwa maandishi.

SWALI: Mshauri, nina Volkswagen Type 2 (Kombi) ya mwaka 1969 iliyogeuzwa kuwa ya kulala. Nataka rimu za alumini za inchi 17 ili nipate nafasi ya diski za mbele. Kuna ubaya?

JIBU: Ubaya upo kwenye tairi kuliko kwenye rimu. Tairi la mizigo la 185R14C huwa na fahirisi 102, yaani kilo 850. Tairi la gari dogo la inchi 17 lenye ubavu mfupi laweza kuwa na 91, yaani kilo 615, na ubavu huo mfupi haupendi mashimo. Diski za mbele hazihitaji inchi 17. Kiwanda chenyewe kiliziweka kuanzia Agosti 1970, kwa magari ya modeli ya 1971, zikiwa ndani ya rimu za inchi 14. Tafuta vifaa vya mbele vya miaka hiyo, ukijua kwamba mpangilio wa bolti ulihama kutoka 5 kwenye duara la milimita 205 kwenda 5 kwenye duara la milimita 112. Maana yake ni kwamba itakubidi ubadilishe na habu za nyuma, la sivyo utasafiri na spea mbili.

SWALI: Matairi yangu hayajawa kipara hata kidogo, kwani gari hutembea mara chache kwa mwaka. Kwa nini fundi anayakataa?

JIBU: Tazama ubavuni, mwisho wa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halina mjadala. Raba huzeeka hata ikiegeshwa, na tairi lisilozunguka huzeeka vibaya zaidi kwa sababu dawa za kuilinda raba hufika juu kwa kunyumbuka. Likishavuka miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama bado lina nywele zake za kiwandani. Angalia pia ubavu wa ndani unaoelekea chini ya gari, ambao watu hawauoni mpaka walale chini, na tarehe ya spea, ambayo huenda ndiyo kongwe kuliko zote.