Je, aliyekufa vitani ni majeruhi?

SWALI: Nahariri tafsiri ya kitabu cha historia. Mfasiri kaandika kwamba Waingereza walipata "majeruhi 57,470" siku ya kwanza ya mapigano ya Somme. Anasema waliokufa wamo humohumo. Ni sawa? Na raia wa vitani tuwaite wahanga, waathirika au wahasiriwa? (Mhariri, Morogoro)

JIBU: Hesabu yake ni sahihi, neno ndilo limemponyoka. Majeruhi ni mtu aliye hai mwenye jeraha. Mshambuliaji aliyeumia goti naye twamwita majeruhi, na hakuna anayetandika mkeka wa msiba.

Itazame hiyo jumla. Tarehe 1 Julai 1916, huko Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari 19,240 wa Uingereza walikufa, 35,493 walijeruhiwa, 2,152 hawakujulikana walipo, 585 walitekwa. Makamanda huwajumlisha wote kwa sababu wanataka kujua kesho wamebakiwa na wangapi wa kupigana, kwa hiyo mateka asiye na hata mchubuko anaingia hesabu moja na maiti. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la kuwabeba wote hao, nami sioni sababu ya kulibuni. "Kupoteza askari 57,470" nako kutamfanya msomaji adhani wote wamekufa. Andika: "askari 57,470 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa au walitoweka." Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Kwa raia, kwa kawaida huhesabiwa waliouawa na waliojeruhiwa. Ila neno raia lina mtego: askari wa JWTZ ni raia wa Tanzania, lakini vitani hahesabiwi raia. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, inawatenga raia na wanajeshi, na inasema pakiwa na shaka juu ya mtu, ahesabiwe raia. (Ile "raia wasio na hatia" ya magazetini ningeipunguza. Raia hahitaji cheti cha uchamungu ndipo asipigwe bomu.)

Sasa yale maneno matatu. Mhanga asili yake ni kafara, ndiyo maana twasema kujitoa mhanga. Matumizi yameshapanuka na sitayapigia kelele, ingawa linamfaa zaidi aliyejitolea kuliko aliyeangukiwa na kombora akipika. Waathirika ni kundi pana: aliyechomewa shamba yumo, na mkimbizi yumo. Wahasiriwa, lenye hasara ndani yake, husikika zaidi Kenya. Kwa wafu, "raia waliouawa" inatosha.

Kitabu chako kikifika Afrika Mashariki, utakutana na watu wasioingia vizuri upande wowote: wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha jeshi la Waingereza, waliotuachia jina la Kariakoo. Walikuwa chini ya amri ya jeshi, lakini kazi yao ilikuwa mizigo, si bunduki. Walikufa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina. Usiwamwage kwenye safu ya askari wala ya raia, wape yao. Na hapo kitenzi kiwe "walikufa", si "waliuawa", kwa kuwa wengi wao walimalizwa na kuhara, malaria na njaa.